Masafa mawili hayamalizi kazi

Mwandishi, hapo uliposema kwamba kupima joto la hewa kwa jinsi inavyopinda mawimbi ya GPS, kwa kutumia masafa mawili, megahetsi 1575.42 na 1227.60, kunaondoa kosa lote la ayonosfia, naomba nisahihishe: kunaondoa sehemu kubwa tu. Mawimbi ya masafa hayo mawili hupinda tofauti, hayapiti njia moja, kwa hiyo hata ukiyalinganisha kuna mabaki. Chini kwenye hewa nzito hayasumbui. Ukipanda kilomita 40 hivi, hewa ni nyepesi mno na inapinda wimbi kidogo sana. Hapo mabaki yaleyale yanaweza kusomeka kama joto ambalo halipo.

Kwetu Dodoma hili si dogo. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, nasi tuko karibu na ukanda wa kusini ambako elektroni za ayonosfia hurundikana na kukuza mabaki hayo, hasa alasiri na jioni, na zaidi miaka ambayo jua limechachamaa kama 2024. Satelaiti sita za COSMIC-2, zilizorushwa Juni 2019, zinapima kwa njia hiyo hewa ya tropiki hii hii yetu, na data zake ziko wazi. Wanafunzi wa fizikia pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wapewe wazichambue, walinganishe za saa mbili usiku, elektroni zikiwa nyingi, na za alfajiri, zikiwa chache.