Tabia za samaki ni ushahidi katika mzozo wa mbuga za baharini

MZOZO kuhusu mbuga za baharini nchini Kenya umedumu tangu mwaka wa 1968, serikali ilipotenga Malindi na Watamu na kuwapiga wavuvi marufuku kutia nyavu humo. Wavuvi hudai kwamba walipokonywa bahari ya babu zao ili watalii wapate pa kuogelea. Wahifadhi nao hushikilia kwamba samaki wanaozaliana ndani ya mbuga hutoka nje, wakamfaidi mvuvi yuyo huyo anayelalamika.

Katika mabishano hayo yuko shahidi ambaye ni nadra kuulizwa, naye ni samaki mwenyewe.

Mtu anayepiga mbizi katika mbuga ya Kisite, pwani ya Kwale, huweza kumkuta chewa ametulia kando ya jabali akimtazama mgeni bila wasiwasi. Pono huendelea kuguguna miamba kana kwamba hakuna aliyekuja. Mtu huyo huyo akizama kwenye miamba inayovuliwa kila siku, mambo hubadilika. Samaki wakubwa, endapo wapo, hutimka kabla hajawakaribia, nao waliobaki hujificha katika nyufa za matumbawe.

Wanasayansi hupima tofauti hiyo kwa kuangalia masafa yaliyopo kati ya mpiga mbizi na samaki wakati samaki anapoanza kukimbia. Utafiti uliofanywa Ufilipino na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa samaki wa maeneo yaliyolindwa huwa wapole hata wakishavuka mpaka na kuingia pasipolindwa. Kwa mvuvi anayesubiri nje, huyo ni samaki rahisi kunasa.

Hata hivyo, faida ya upole huo humwendea zaidi mwenye bunduki ya mkuki, chombo ambacho Kenya ilikipiga marufuku mwaka wa 2001 pamoja na juya. Mvuvi wa malema hamfukuzi samaki. Humngoja aingie mwenyewe. Kwake yeye ushahidi wenye uzito zaidi ni ule wa Mombasa, ambako utafiti uliochapishwa mwaka wa 2000 ulibaini kuwa malema yaliyotegwa karibu na mpaka wa mbuga yalinasa samaki wengi kuliko yale yaliyokuwa mbali. Hoja ya wahifadhi basi ina ukweli, ingawa haielezi ni nani aliyebahatika kuwa na mtego karibu na mpaka na ni nani aliyehamishwa akakosa pa kutega.

Aidha, si kila upole ni dalili ya usalama. Mashua zinazowapeleka watalii zimezoea kuwatupia samaki mkate, nao hukusanyika kwa mamia wasikiapo mlio wa injini. Mgeni hufurahi na kupiga picha. Lakini samaki anayefuata mkate ameiacha kazi yake, na kazi ya samaki kwenye mwamba si jambo dogo.

Mfano ulio bora ni kikande. Samaki huyu mgomvi, ambaye hujifungia shimoni kwa kusimamisha mwiba wa mgongoni hata asiweze kuvutwa nje, ana meno ya kuvunjia magamba na miiba. Chakula chake kimojawapo ni wale viumbe wa mviringo wenye miiba ambao kila mtoto wa Pwani amewahi kuonywa asiwakanyage. Viumbe hao hula mwani na nyasi za baharini, na kwa kufanya hivyo hukwangua mwamba wenyewe. Wakizidi, mwamba huliwa upesi kuliko unavyojengeka.

Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amechunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, ameonyesha kwamba katika maeneo yaliyovuliwa kupita kiasi vikande hupungua, na viumbe hao wa miiba huongezeka mno. Tatizo ni kwamba ujasiri wa kikande ndio unaomponza. Huvamia chambo bila kusitasita, hivyo huwa miongoni mwa wa kwanza kumalizika. Mvuvi anayemtoa majini hupata kitoweo cha siku moja, lakini mwamba hupoteza mlinzi wake.

Hasara hiyo ilionekana kuwa nzito zaidi baada ya mwaka wa 1998, joto la El Nino lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Pwani. Mwamba uliokufa huhitaji samaki wa kula mwani ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Pono na kangaja hufanya kazi hiyo mchana kutwa. Usiku pono wa aina kadhaa hujifunika utando wa ute na kulala humo, akawa windo jepesi kwa mwenye kurunzi.

Wazee wa Pwani waliozama bila mtungi wa hewa waliyajua mengi ya haya kabla ya watafiti kufika: samaki yupi hulala wapi, na mwezi upi hukusanyika kutaga mayai. Kosa la mbuga za mwanzo lilikuwa kuwachukulia watu hao kama tishio tu. Mwaka wa 2005 wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, waliamua wenyewe kufunga takriban hekta 30 za bahari yao, wakazifanya eneo tengefu. Hatua hiyo iliigwa kwingineko Pwani, nayo mwaka wa 2017 ikawapatia Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Swali gumu ni la muda. Tafi huongezeka haraka eneo linapofungwa, na mvuvi huona tofauti mapema. Kikande hachelewi kunaswa, lakini huchelewa kurudi. Katika mbuga za Kenya idadi yake imechukua miongo kujijenga upya. Maeneo tengefu mengi ya Pwani bado hayajafikia umri huo, na wanakijiji wanaoyalinda wana watoto wa kulisha leo.