Mbio Ndefu na Hesabu ya Siku

Mbio za marathoni ni kilometa 42 na meta 195. Kutoka mji wa Mpanda mpaka Sitalike, penye viboko wa mto Katuma na mbuga ya wanyama ya Katavi, ni kilometa zipatazo 35. Basi mwenye kukimbia marathoni angefika Sitalike, naye angali hajamaliza. Kijana akisikia habari hii husema, "Miguu ninayo," na kesho yake huamka akakimbia kwa nguvu zake zote, na siku ya pili vivyo hivyo, na siku ya tatu. Juma la pili goti limevimba, naye hulalamika kwamba mbio si bahati yake. Bahati haikumkosesha kitu. Alichokosa ni hesabu.

Yafaa awatazame wakulima wa Mpanda wenyewe. Mwenye shamba la tumbaku hatupi mbegu zake shambani siku moja akangoja mavuno. Huzisia kwanza kitaluni, huzimwagilia maji, hungoja miche ipate nguvu, na mvua zikishika ndipo huihamisha. Kila kazi ina mwezi wake, wala hapana amwitaye mvivu kwa kungoja. Mwili wa mkimbiaji ni vivyo hivyo. Mazoezi huichosha misuli, nayo huchanika kidogo kidogo ndani. Chakula na usingizi ndivyo viijengavyo tena, ikawa na nguvu kupita kwanza. Asiyepumzika hubomoa tu, asijenge.

Basi mpango mwema ni wa majuma 16 au zaidi, kwa mtu aliyekwisha kuzoea kukimbia. Huanza na njia fupi, na njia huongezwa kidogo kidogo. Mara moja kwa juma huwapo safari ndefu ya mwendo wa polepole, hata mtu aweze kuzungumza na mwenzake huku wakikimbia. Safari hiyo ina sababu yake: mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini, na akiba hiyo huelekea kwisha karibu na kilometa ya 30, ndipo wengi wanapolegea. Siku moja au mbili za kasi zatosha. Zilizobaki ni nyepesi, na moja ni ya kupumzika kabisa. Majuma mawili au matatu ya mwisho mazoezi hupunguzwa. Hapo ndipo vijana wengi huharibu, maana hushikwa na hofu wakajilazimisha safari ndefu siku nne kabla ya mashindano, kama mtu asiaye mbegu wakati wa mavuno.

Kwa kijana wa Mpanda kuna ugumu mwingine. Mbio za Kilimanjaro hufanywa Moshi kila mwaka, mwezi wa Februari au mwanzo wa Machi. Akihesabu majuma 16 nyuma hujikuta karibu na Novemba, mvua zinapoanza na majembe yanapotoka. Aliyelima tangu alfajiri hawezi kukimbia jioni kama asiyelima. Mpango unaolisahau jembe si mpango wake, hata uwe umeandikwa na mwalimu mkubwa namna gani. Siku ya kulima sana na ihesabiwe kuwa siku ya kazi, na mbio za siku hiyo ziwe fupi.

Shuleni husimuliwa sana habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Ni habari njema. Lakini ikisimuliwa peke yake, mtoto hudhani kwamba sifa ya mkimbiaji ni kuvumilia maumivu. Iliyo kubwa zaidi haisimuliwi: Akhwari alifanya mazoezi tena, na mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, akawa wa tano katika marathoni.

Naye Juma Ikangaa alishindwa kwa sekunde moja tu huko Boston mwaka 1988, akawa wa pili tena mwaka 1989; na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alipopata ubingwa wa dunia Tokyo, yeye na Mjerumani aliyemfuata, Amanal Petros, waliandikiwa saa, dakika na sekunde zile zile. Nafasi ndogo kama hiyo hutafutwa miezi mingi kabla, katika asubuhi ambazo hapana mtu wa kushangilia.

Wanafunzi wa shule za msingi wasiikimbie marathoni bado. Mifupa yao yangali inakua, na mengi ya mashindano makubwa hayampokei asiyetimiza miaka 18. Kwa sasa zawafaa mbio fupi, na daftari lenye safu saba za siku, ambamo kila jioni huandikwa umbali uliokimbiwa, saa za usingizi, na mahali palipouma.