Koa wa Wasini, Bahari ya Chovai

Daftari la wiki hii nalifungua kwa kiumbe asiyeuzika sokoni: koa wa bahari, jamii ya konokono lakini hana gamba. Mwaka 1904 Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Uingereza Afrika Mashariki na pia mtaalamu wa makoa, alimpa mmoja jina la Halgerda wasinensis, kutokana na kisiwa cha Wasini, kusini ya Mombasa. Hivyo koa yule, mla sifongo, akaingia vitabuni pamoja na kisiwa chake. Chovai, kisiwa cha Wabajuni kilichoko kati ya Koyama na Chula katika pwani ya kusini ya Somalia, nacho kilikuwa chini ya mamlaka ya Eliot, kwa kuwa Jubaland na Kismayo zilishikwa na Waingereza hadi zilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Jina la Chovai halikupewa koa yeyote. Hoja yangu ni kwamba kutoandikwa si kutokuwepo: vitabu hutwambia mkusanyaji alitia nanga wapi, havitwambii uhai umeishia wapi.

Atakayenipinga atasema watu wa Chovai wanataka maji, tabibu na usalama, na koa haliwi. Kweli, hayo ndiyo ya mwanzo. Lakini mvuvi ataishi kwa nini mwamba ukifa? Koa wa namna hii huchagua chakula. Sifongo wake wakitoweka, naye hutoweka. Mwangalie Hexabranchus, koa mkubwa mwekundu wa bahari yetu: miaka ya 1980 wanakemia walithibitisha kwamba sumu inayomlinda huipata kwa kula sifongo aina ya Halichondria, akaiweka mwilini na kuipitisha kwenye mayai yake. Sifongo naye huchuja maji ya mwamba mchana na usiku. Kwa hiyo kumhesabu koa ni kuupima mwamba wenyewe. Na meli ya kigeni ikikokota nyavu hadi ikaung'oa, Mbajuni atadai nini ikiwa hapana palipoandikwa kilichokuwepo?

Wengine watasema kazi hiyo ya kuandika ni ya wenye maabara. Kumpa kiumbe jina la kisayansi, naam. Lakini kujua mwamba upi una nini, na tangu lini umebadilika, ni elimu ya wanaoupitia kila bamvua. Ianze kuandikwa kwao, kwa Kibajuni, wazee wangali wapo wa kuulizwa.