Sinyatire si kufuli



Mwandishi mmoja wa inchi yetu alikuja kusoma kitabu chake katika mji wetu. Sisi wa kalasi ya tano tulienda. Alisoma kurasa chache kwa Kifaransa, pole pole, halafu akajibu maulizo. Alitukumbusha kwamba inchi hii ina waandishi tangu zamani: Paul Lomami Tchibamba na Ngando yake ya mwaka 1948, Zamenga Batukezanga (1933-2000) na vitabu vyake juu ya maisha ya kijiji na mji.

Feza ilikuwa kidogo. Watano tukachanga, tukapata buku moja. Mwandishi akauliza: "Niandike jina la nani?" Tukatazamana. Mmoja akataja lake. Matata yakaanzia pale. Mwenye jina alikipeleka kwao, akakifungia ndani ya valizi. "Watoto watakichafua," anasema.

Sisi tunasema: hapana! Katika nyumba zetu nyingi Biblia ina jina la baba kwenye ukurasa wa kwanza. Nani amekwisha kusikia baba akisema, "Ni yangu peke yangu"? Jioni inafunguliwa, na wote wanasikiliza, hata asiyejua kusoma.

Tulimsihi sana, akakitoa. Siku ya posho mwengine kati yetu alikisomea kwao. Mama yake hajui Kifaransa. Basi alisoma fungu moja, akaligeuza kwa Kiswahili, akaendelea vile vile. Mama aliacha mboga jikoni, akaja kukaa. "Ule mwanamuke wa mu kitabu ni kama shangazi yako," akasema. "Soma tena." Halafu akaweka kidole juu ya sinyatire: "Na huyu mwenye kuandika, ulimuona na macho yako?" Ndiyo, mama, tulimuona. Ni mtu kama sisi.

Hiyo ndiyo kazi ya sinyatire: kushuhudia nyumbani kwamba vitabu vinaandikwa na watu wazima wenye kuishi, hata wa kwetu. Ndani ya valizi inamshuhudia nani? Ni taa chini ya pishi.

Kwa hiyo tunaomba: kitabu kizunguke, kila nyumba siku ya posho moja. Kifunikwe na karatasi ya gazeti, watoto wanawe mikono. Alama ya kidole haifuti sinyatire. Na mwandishi mwengine akija, tumwambie aandike: "Kwa kalasi ya tano na wazazi wao."

Nanyi munaonaje?