Tukimpa Bi Harusi Mashine ya Kahawa, Tumpe na Utunzaji Wake



Miaka ya karibuni vyombo vya bi harusi vimepata mgeni. Pembeni ya mdila, chupa za chai na seti za vikombe, siku hizi utaona boksi lenye mashine ndogo ya espreso ya kubonyeza kwa mkono. Haina waya wala injini. Unachemsha maji jikoni, unayamimina kwenye silinda yake, unashusha mpini, na kahawa nzito yenye povu inashuka kikombeni. Wageni wakija inapendeza, na kwenye picha inapendeza zaidi.

Sisi hatuna ugomvi na zawadi hii. Tunachosema ni kwamba wengi wetu tunaitoa nusu. Tunampa bi harusi chombo, hatumwambii kinaoshwa vipi, hatumwekei vipuri, wala hatumkumbushi bwana harusi kwamba na yeye ana mikono. Baada ya miezi michache mashine inanuka, inavuja, inapandishwa juu ya kabati. Fedha ya watu imepotea, na lawama inamwangukia mke kwamba hajui kutunza vitu.

Wapo watakaosema mdila unatosha, haya mengine ni mambo ya kuiga. Tunawaheshimu, lakini kahawa yenyewe ilitujia kwa bahari. Masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa katika karne ya 15 ili wakeshe kwa dhikri. Hata lile birika la Kitaliano la mwaka 1933 linaloitwa moka, jina lake limetokana na bandari ya Al-Makha huko huko Yemen. Chombo kipya hakina ubaya. Ila mdila ni mvumilivu: unamwaga mashapo, unasuuza, unaufudikiza, umemaliza. Mashine ya mkono ina vificho, na uchafu hupenda vificho.

Tueleze kwa nini. Espreso inataka presha ya karibu bar 9, yaani kama mara 9 ya presha ya hewa inayotuzunguka. Presha hiyo inazuiwa na pete nyembamba za mpira zilizovishwa kwenye pistoni. Chembe ya kahawa ikikaa chini ya pete, au mpira ukikauka na kupasuka, maji ya moto yanatafuta njia ya pembeni. Hapo anayebonyeza anaweza kuungua mkono, na mtoto aliyesimama karibu anaweza kuungua uso. Kwa hiyo usafi wa mashine hii ni usalama wa watu wa nyumbani kabla haujawa urembo wa jikoni.

Jambo la pili ni mafuta. Buni ina mafuta yake, na kahawa yetu ya pwani hukaangwa mpaka iwe nyeusi, kwa hiyo mafuta hutoka mpaka juu ya punje. Yakibaki kwenye kichujio na kwenye kile kibati chenye matundu, yanachacha. Kahawa ya kesho inapita kwenye mafuta ya juzi, na uchungu unaopata si ule uchungu mtamu tuliouzoea barazani. Watu wanailaumu kahawa ya Kilimanjaro au ya Mbinga, kumbe ni chombo.

Basi inaoshwaje? Kila mara ukimaliza, subiri presha iishe na mpini ulegee. Usifungue kwa haraka. Toa kichujio, kung'uta mashapo, na ukipenda yamwage kwenye shina la mti bustanini badala ya kwenye sinki, maana yanaziba bomba. Pitisha maji ya moto matupu kwenye mashine, futa pistoni na silinda kwa kitambaa safi, kisha acha vipande vyote wazi vikauke. Usiifunge ikiwa mbichi. Unyevu pamoja na mashapo ndiyo makazi ya ukungu. Kazi yote hiyo haizidi muda wa kuosha vikombe vya wageni watatu.

Mara moja kwa wiki, ifungue vipande vinavyofunguka. Loweka kichujio na kibati cha matundu kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe. Inua kichujio kwenye mwanga. Tundu lisilopitisha mwanga limeziba.

Kila baada ya miezi michache, kagua pete za mpira. Zikiwa ngumu, zimepasuka au zinavuja, badilisha. Zikiwa nzima lakini mpini unakwaruza, paka kidogo sana ile grisi inayofaa vyombo vya chakula iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Usipake mafuta ya nazi wala ya kupikia. Tunajua mikono yetu inakimbilia nazi kwa kila kitu, lakini mafuta hayo yanachacha, yanaganda na kunata kwenye pistoni.

Mazoea mengine pia tuyaache mlangoni. Jivu, mchanga na kumbi la nazi vinang'arisha sufuria, lakini silinda ya mashine vinaikwaruza, na penye mkwaruzo pete haizibi tena. Kahawa iliyotwangwa kwenye kinu ina vumbi na mapande kwa pamoja. Vumbi linaziba matundu na mpini unagoma. Mpini ukigoma usiulazimishe kwa uzito wa mwili. Acha presha ipungue, kisha wakati mwingine saga kahawa isiwe laini mno. Na tangawizi na iliki tuzipendazo zisiingie kwenye kichujio, kwani nyuzi zake zinaziba na harufu inakaa kwenye mpira. Chemsha viungo pembeni, utie kikombeni. Ukitaka kahawa ya viungo kamili, mdila upo.

Kuhusu maji, sisi wa kisiwani tumekaa juu ya mawe ya chokaa, na kila mwenye birika anaujua ule utando mweupe unaoganda ndani. Kwa mashine isiyo na tangi la kuchemshia, chokaa nyingi inabaki kwenye birika, kwa hiyo anza na birika: chemsha maji yenye siki au ndimu, yaache kidogo, mwaga, suuza mara kadhaa. Kama mashine yako ina tangi lake ndani, fuata maelekezo ya kitabu chake.

Sasa chukulia bi harusi anatoka kwetu Unguja anakwenda kuolewa Vihingo, huko Mkoa wa Pwani, upande wa Kisarawe. Kwa kweli mashine ya mkono inamfaa kuliko ya umeme. Umeme ukikatika, jiko la mkaa au la gesi linachemsha maji na kahawa inanyweka. Maji ya huko asiyahukumu kwa maneno ya watu; atazame birika lake baada ya mwezi, litamwambia. Lakini pete ya mpira ikikatika, hapo ndipo zawadi yetu nusu inapojulikana. Itabidi apande gari kwenda Dar es Salaam, azunguke Kariakoo akiwa na kipande mkononi, na huenda saizi yake asiipate. Kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja ndicho kinachoigeuza mashine nzima kuwa pambo. Sisi tuliotoa tungeweza kukiweka ndani ya boksi tangu mwanzo.

Kuna na neno la bwana harusi. Nyumba nyingi kahawa ni starehe ya mume na rafiki zake, na kuosha ni wajibu wa mke, au wa dada wa kazi ambaye hata kikombe kimoja hakuonja. Hilo hatulioni kuwa sawa. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Mwanamme anayejua kushusha mpini anajua pia kung'uta mashapo. Rai yetu ni kwamba anayekunywa aoshe, na waliokunywa wawili waoshe wawili. Pia aliyeelekezwa tangu mwanzo hana udhuru, kwa hiyo wawili hao wafundishwe pamoja siku ya kwanza boksi linapofunguliwa.

Na nyinyi masomo, mnaowafunda mabi harusi mambo mazito ya ndoa, mkiona boksi hili kwenye vyombo, tengeni nusu saa. Mwambieni alifungue mbele yenu, aitenganishe mashine na airudishe. Akiweza mara mbili, haitamshinda.

Kwa anayenunua, tunaomba mambo manne. Muulize kwanza bi harusi kama anaitaka, maana zawadi isiyotakiwa ni israfu hata ikifungwa kwa utepe. Weka seti mbili za pete za mpira za saizi ya mashine hiyo. Weka mswaki mmoja na kikopo cha grisi yake. Na andika kwa mkono, kwa Kiswahili, karatasi ya hatua za kuosha, kwa sababu vitabu vingi vya mashine hizi vimeandikwa kwa lugha za wenyewe. Kama bajeti haifiki huko, mpe mdila mzuri na kilo ya kahawa ya Kagera. Atakuombea dua kila alasiri.

Allah azijaalie nyumba zenu mapenzi na baraka. Wabillahi tawfiq.