Kabla ya Kubandika Vigae, Piga Picha ya Ukuta

Leo hakuna Java wala PHP. Leo ni bafu, na nina ugomvi kidogo na jinsi tunavyojenga mabafu yetu hapa Kenya. Wale waliokuja kutafuta msimbo wavumilie, kuna chao pia.

Msimamo wangu ni huu: kigae cha kwanza kisibandikwe bafuni kabla mwenye nyumba hajapata picha za ukuta ukiwa wazi, mabomba na nyaya zikionekana, na futi ikiwa imenyooshwa ndani ya picha. Hakuna picha, malipo ya mwisho yanasubiri. Najua inasikika kama ukali. Ngoja nieleze.

Machi mwaka huu tulibadilisha shawa na koki katika nyumba ya mama huko Kitengela. Koki ilikuwa inavuja ndani kwa ndani, na upande wa pili, chumbani, rangi ilikuwa inabambuka. Kazi yenyewe ukiisikia ni ya asubuhi moja: toa shawa, toa koki, rudishia mpya. Tulivunja vigae 14 tukitafuta kiungo kimoja. Kumi na vinne! Bomba halikupanda wima juu ya koki kama mtu yeyote angedhani. Lilikuwa limekata mshazari, likapiga kona, halafu likapanda. Huenda aliyelilaza alikuwa na sababu nzuri sana, lakini hakuiandika popote, na namba yake ya simu haipatikani tena. Wenzangu mliorithi programu isiyo na maelezo hata mstari mmoja mnanielewa.

Hapo wengi husema, si uangalie YouTube tu? Nimeziangalia, na ni nzuri, ila nyingi zimepigwa Marekani, ambako nyumba nyingi kuta za ndani ni fremu ya mbao iliyofunikwa bodi. Jamaa anakata bodi kwa kisu, anaona kila kitu, anarekebisha, anarudishia bodi. Wengine huingilia hata upande wa pili, kwenye kabati la chumbani. Ukuta wetu ni jiwe au bloku, umechimbwa mfereji kwa patasi, bomba likalazwa, likafunikwa simiti, kisha vigae. Kufungua ni nyundo. Kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji picha zaidi, na ndio tusiokuwa nazo.

Kilichonitia hofu hasa si maji, ni umeme. Shawa nyingi za kupasha maji papo hapo ni za wati 5,500 hivi. Gawanya kwa volti 240 unapata karibu ampea 23, ilhali soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13. Huo ni mzigo mkubwa, unaotaka waya wake wenyewe kutoka kwenye sanduku la umeme, mnene wa kutosha, na swichi inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja. Sasa, waya wa shawa ya mama ulikuwa umekatiza ukutani kimshazari, bila paipu ya kuukinga, sentimita chache tu chini ya simiti. Ulipita pale pale mama alipotaka kutundika chuma cha taulo. Alikuwa ameshakinunua. Kilichokuwa kimebaki ni mtu mwenye drili.

Na maji ya visima vya kule yana chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua, na katika shawa nyingi za bei nafuu waya unaopasha joto umelala ndani ya maji yenyewe. Ndiyo maana madukani kuna aina zinazouzwa kwa ajili ya maji ya chumvi, na ndiyo maana ule waya wa kijani na manjano, wa kupeleka umeme ardhini, si mapambo. Wapo mafundi wanaoukata wakisema haufanyi kazi yoyote. Ukiwa unaoga na ukigusa koki unahisi kama sisimizi wanakutembea mkononi, toka, zima swichi kuu, ita fundi. Upande huu mimi sikugusa kitu. Tulimwita fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Vigae vyenyewe nitapita haraka. Kuvitoa: kwangua grauti pande zote kwanza, ndipo upasue kigae katikati ukienda nje, la sivyo unapasua na jirani yake. Ziba tundu la maji kwa tambara. Vaa miwani. Kuvirudishia: gundi ienee nyuma ya kigae chote. Mtindo wa kuweka donge moja katikati na kukibonyeza huacha pembe tupu, na maji yakipenya kwenye grauti (yatapenya, grauti si plastiki) yanapata mahali pa kukaa. Gonga kwa sarafu. Panapolia kama debe tupu, chini hapana kitu. Na nunueni boksi moja la ziada mapema, lenye namba ile ile ya rangi. Sisi tulikosa vinavyofanana kila duka, ndiyo maana ukuta wa mama sasa una mstari wa bluu ambao wageni husifu wakidhani ulipangwa.

Najua majibu ya mafundi kwa sababu nimeyasikia. La kwanza, muda. Picha sita kwa simu aliyonayo mfukoni ni dakika tano. La pili, koki ya kufungia maji ya bafu peke yake inaharibu sura ya ukuta. Kweli, inaonekana. Lakini bila hiyo, shawa ikivuja unafunga tangi na nyumba nzima inakaa bila maji hadi fundi apatikane. Mimi nachagua ubaya wa sura. La tatu ndilo zito: hakuna mteja anayeuliza. Hapo wana haki. Tunabishana wiki nzima kuhusu rangi ya vigae halafu siku mabomba yanalazwa hatupo. Siwezi kumlaumu fundi kwa kutokabidhi kitu ambacho hakuna aliyekiomba wala kukilipia.

Kwa hiyo ombeni, na mlipie. Picha ya kila ukuta kutoka mbele, futi moja imelala sakafuni na nyingine imesimama kwenye kona. Kisha maji yafunguliwe na yaachwe usiku kucha kabla ya simiti kufunika viungo. Asubuhi pitisha mkono. Mabomba ya PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 hivi, na kiungo kilichoharakishwa hakijifichi kirahisi maji yakikaa ndani yake usiku mzima.

Za mama nimezichapisha kwenye karatasi na kuzibandika ndani ya mlango wa sanduku la umeme, kwa sababu simu hupotea. Chuma cha taulo kiko ukuta wa pili.

Ile makala ya nakala za hifadhidata niliyoahidi inakuja wiki ijayo. Maswali ya koki pia nayapokea.