Rupia Kumi za Mahari

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Amma baad. Juma lililopita hatukuonana katika ukurasa huu kwa sababu tulikuwa safarini Kisii, tulikoalikwa kufungisha nikaha ya binti wa jamaa zetu, watu wa Mombasa waliofanya biashara katika mji ule miaka mingi. Tumerudi na habari ambayo tumeona si vyema kukaa nayo peke yetu. Ndani yake mna ilimu ya soko na mna ilimu ya dini, na tunajua ya kuwa akina mama wengi wanaotusoma wana vibweta vyenye fedha za kale ambazo hawajapata kuzipima.

Binti alitaka mahari ya rupia kumi za fedha, kama alizopewa nyanya yake. Bwana harusi akaridhia, akazitafuta kwa dalali mmoja azungukaye vijiji vya Nyamira, Kebirigo hadi Nyansiongo, akinunua sarafu kwa wazee. Hazikuwa na cheti cha mtaalamu wala kasha lenye muhuri. Zilikuwa zimefungwa katika kitambaa tu. Siku mbili kabla ya nikaha, mama yake bibi harusi alituletea kile kitambaa, akasema: "Sheikh, hizi zinameta mno. Za marehemu nyanya hazikuwa hivi. Naomba uzitazame kabla mwanangu hajazipokea."

Huenda msomaji akauliza, rupia zimefikaje milima ya Gusii? Rupia ya fedha ya Bara Hindi ndiyo iliyokuwa sarafu ya Kenya nzima katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Kwa hiyo askari alilipwa mshahara, na mwenye boma akalipa kodi ya nyumba. Mwaka 1920 ikaondolewa, ikaja florini, na mwaka 1921 ikafuata shilingi. Zilizobaki mikebeni kwa wazee zikawa ukumbusho, na leo zimekuwa bidhaa.

Tuliazima mizani ndogo ya sonara na kioo cha kukuzia, tukangoja jua lipande, tukaketi dirishani. Sarafu haitazamwi kwa taa ya usiku, kwa kuwa taa huficha mikwaruzo ambayo jua huifichua. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na kila mama anaweza kuyafanya nyumbani kwake.

La kwanza ni mizani. Rupia kamili ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu kumi na moja katika kumi na mbili ni fedha safi, yaani karibu gramu 10.7. Sarafu iliyopita mikono mingi hupungua kidogo, lakini hupungua pamoja na sura yake. Ikiwa nywele za mfalme zimelainika na herufi zimefifia, upungufu mdogo hautushangazi. Ikiwa sura ni kali kama iliyotoka kiwandani jana, na uzito umepungua, basi uso na mizani vinapingana, na mmoja wao ni mwongo. Katika zile kumi, moja ilikuwa na gramu 9.4 na kila unywele wa mfalme ukionekana. Hiyo tuliiweka kando.

La pili ni sumaku na mlio. Fedha haivutwi na sumaku. Lakini shaba na risasi nazo hazivutwi, kwa hiyo sumaku hukataa tu, haithibitishi. Baada yake iweke sarafu juu ya ncha ya kidole, uigonge taratibu kwa nyingine. Fedha nzima hulia kwa sauti nyembamba inayodumu. Moja kati ya zetu ililia kama kigae. Tulipoitazama kwa kioo tukaona juu ya kichwa cha mfalme duara dogo lenye rangi tofauti. Ilikuwa imetobolewa zamani ivaliwe shingoni, kisha tundu likazibwa kwa lehemu. Sisi watu wa pwani tunaijua sana ila hii, kwa maana bibi zetu walizifanya rupia na riale kuwa vidani. Hapana ubaya wa kuzivaa. Ubaya ni kuziba tundu na kunyamaza.

La tatu ni ukingo. Rupia ina meno membamba yaliyo sawasawa pande zote. Iliyomiminwa katika kalibu huacha mstari wa maungio, au alama za tupa iliyojaribu kuufuta. Mdanganyifu hushughulikia uso kwa kuwa anajua wengi wetu hatuutazami ukingo.

La nne ni uso. Tazama kwanza mahali palipoinuka, maana ndipo panapochakaa mwanzo. Katika rupia za Mfalme Edward, za mwaka 1903 hadi 1910, tazama nywele juu ya sikio na ndevu. Katika za Mfalme George, tazama taji, kisha joho kifuani, ambapo pana tembo mdogo. Tembo huyu ana kisa chake. Katika rupia za mwaka 1911 alichorwa vibaya, watu wa Bara Hindi wakamwona kama nguruwe, Waislamu wakachukia, na mwaka 1912 ikatoka sura iliyorekebishwa. Leo ametufaa kwa jambo jingine: mkonga na miguu yake ikionekana wazi, sarafu haikutumika sana; akiwa amebaki kivimbe tu, imetumika mno, hata kama herufi zote zinasomeka.

La tano ni rangi. Fedha ya kale huvaa kivuli cha kijivu, pengine cha samawati au cha kahawia, hasa kandokando ya herufi. Kivuli hicho si uchafu. Ni umri wake, na wakusanyaji wa sarafu hukithamini. Mbili kati ya zetu zilikuwa nyeupe kabisa, na tulipoziinamisha juani tukaona mikwaruzo myembamba ikipita upande mmoja. Zilikuwa zimesuguliwa. Hilo ndilo lililomtia mama shaka, na shaka yake ilikuwa ya haki. Basi tunawasihi: msizisugue sarafu zenu kwa jivu, ndimu wala dawa ya meno. Fedha yake hubaki, lakini thamani yake ya ukale huondoka, na hairudi.

Zikabaki sita zisizo na lawama, mbili zilizosuguliwa, moja iliyozibwa na moja ya bandia. Kijana alikuwa amekubali bei moja kwa zote kumi.

Tukamwuliza, "Umelipaje?" Akajibu, "Nusu taslimu, sheikh, na nusu mwisho wa mwezi." Hapo tukaona ila iliyo kubwa kuliko lile tundu. Fedha na dhahabu zinaponunuliwa kwa pesa, na pesa za noti hukumu yake ni hiyo kwa wanazuoni wengi wa zama zetu, hutakiwa kupeana mkono kwa mkono katika kikao kimoja. Kuchelewesha upande mmoja ni mlango wa riba. Na mama anayempelekea sonara rupia za kale ili apewe bangili za fedha, naye ajihadhari: fedha kwa fedha ni uzito kwa uzito. Aziuze kwanza kwa pesa, azipokee pesa zake, kisha anunue bangili.

Dalali akaitwa, tukauvunja ule mkataba na kuufunga upya. Mezani palikuwa na mizani. Sita zikalipiwa bei yake, mbili zilizosuguliwa zikalipiwa kwa hesabu ya fedha iliyomo tu, na pesa zikapita kwa simu papo hapo kabla hatujainuka. Mbili zenye ila alizichukua. Hatukumtukana, kwa sababu huenda naye alidanganywa. Lakini tulimkumbusha kisa cha Mtume, rehema na amani zimfikie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akaukuta umajimaji chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Anayeijua ila akaificha, mnunuzi ana haki ya kumrudishia.

Zikapungua mbili. Kesho yake kijana akatupeleka Keroka, pale Kisii inapopakana na Nyamira, kwa bibi mmoja mzee aliyesikia ana sarafu za babu yake. Tukaamkuana kwa Kigusii kidogo tulichonacho, "bwakire buya," akacheka, akatukaribisha chai. Kisha akamwaga mkebe wake juu ya mkeka. Alikuwa anakusanya karo ya mjukuu wake wa kike.

Zilizokuwa nyingi ni shilingi zenye picha ya simba, na hizo ndizo alizozitumainia. Akauliza, "Sheikh, hizi za simba zitatosha muhula mmoja?" Ilitupasa kumwambia kweli. Shilingi za simba za tangu 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, chini ya gramu 2 kwa kila moja. Na za tangu 1948 hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yule yule. Zake zilikuwa za 1948, 1949, 1950 na 1952. Akazirudisha mkebeni moja moja, asiseme neno.

Chini yake palikuwa na rupia nne. Mbili ni za Mfalme Edward, nzuri, zenye kivuli chao. Ya tatu imechakaa hata mfalme hatambulikani. Ya nne haikuwa na mfalme. Ilikuwa na jua lenye miale na taji, na jina la Mombasa, na mwaka 1888. Ni rupia iliyopigwa kwa ajili ya ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kabla serikali yao haijashika nchi. Uzito wake ni ule ule wa rupia nyingine, lakini wanaozitafuta hawailipii kwa uzito. Bibi akasema, "Zote bei moja, chukueni mzitakazo."

Kijana akatubana mkono. Tulipotoka nje kidogo akanong'ona: "Sheikh, hatukumdanganya. Bei ametaja mwenyewe. Na isitoshe si Muislamu mwenzetu."

Tukamkumbusha Jarir bin Abdillahi, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyekuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir akamtazama yule farasi, akamwendea mwenyewe, akamwambia farasi wako anastahiki zaidi, akawa anapandisha bei hata ikafika 800. Na kuhusu dini ya bibi, tukamwuliza: zile amana alizomwachia Sayyidna Ali azirudishe usiku wa Hijra, zilikuwa za nani, kama si za watu wa Makka waliomkataa? Sisi Waislamu wa Kisii na Nyamira ni wachache. Jirani hatasoma vitabu vyetu. Atasoma mikono yetu.

Tukarudi ndani, tukamwambia: "Mama, hii usituuzie, wala usimuuzie mtu mwingine kwa haraka. Usiisugue, usiitoboe. Ipeleke kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa wakuambie ni kitu gani." Tukamweleza pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2006 huvihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa mambo ya kale, havitolewi nje ya nchi bila ya kibali, na biashara yake ina leseni. Basi atakayemjia usiku na kumharakisha, amtilie shaka. Akaitazama sana, akaifunga katika pindo la leso yake. Tukanunua zile mbili za Mfalme Edward, tukazipima mbele yake, tukamlipa mkononi.

Njiani kijana hakusema kitu. Lakini nyumbani, mama yake bibi harusi alipozihesabu zikatimia kumi, akauliza hizi mbili zimetoka wapi, kijana mwenyewe ndiye aliyesimulia. Alisimulia yote, mkebe na shilingi za simba na ile ya Mombasa, na hakuficha kwamba alitubana mkono. Tulifungisha nikaha tukiwa na furaha zaidi kuliko tuliyokwenda nayo.

Kwa wenye riale nyumbani tunaongeza hili. Riale ya Maria Theresa huwa na karibu gramu 28, na ukingoni ina maandishi, si meno. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwaka huo si ushahidi wa umri. Atakayewauzia kwa sababu ya mwaka peke yake, mwambieni alete mizani.

Kwa ufupi, akina mama na ndugu zetu: pimeni, sikilizeni mlio, tazameni ukingo, tazameni palipoinuka, na msiusadiki mng'aro. Hesabuni fedha iliyomo kabla ya kusikiliza hadithi ya muuzaji. Lipeni mkono kwa mkono. Na mkiijua thamani asiyoijua mwenzenu, mwambieni, kwa kuwa mizani hiyo hiyo tutaikuta mbele yetu siku ambayo hakuna dalali.

Mwenyezi Mungu atubarikie chumo letu na mahari za mabinti zetu, na ampe yule bibi wa Keroka karo ya mjukuu wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, insha Allah.